Nta kwenye Sakafu ya Mama

Jumanne, 2 Septemba

Basi la wafanyakazi limechelewa tena. Ukungu ulishuka hadi getini, dereva akawa anatambaa. Nimetandika vyumba vya upande wote wa chini peke yangu, mwenzangu yuko msibani. Wageni wawili wameniuliza kama nimewahi kushuka kreta kuona vifaru. Nimesema ndiyo. Sijawahi. Nimefanya kazi kwenye hoteli ukingoni mwa Ngorongoro miaka mingi na ninachokifahamu vizuri ni mashuka.

Nimefika nyumbani jua linazama. Nimevua viatu, nimefunga kanga kuukuu, nimeshika nyundo na tindo. Ndiyo ratiba yangu sasa. Mchana natandika, jioni nachonga.

Jiko halijaisha. Fundi Tluway anachonga asubuhi nikiwa kazini, mimi napokea jioni. Vishimo vidogo vidogo, vikaribiane, sakafu yote iwe kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Bila hivyo saruji mpya haitashika. Kosa si la sakafu. Kosa ni la nta.

Sakafu hii aliipiga marehemu baba, niru nyekundu, saruji laini ya rangi, kabla sijaanza shule. Tangu hapo kila Jumamosi Mama anaisugua. Anakata mishumaa, anaiyeyusha kwenye kopo la maziwa ya unga, anaiepua, anachanganya na mafuta ya taa, anapaka, anasubiri, halafu anasugua kwa kipande cha sweta mpaka uone meno yako. Watu wa Karatu nzima walikuwa wanavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Hata padri.

Mwisho wa mwezi wa saba, Jumapili, kabla ya misa, Mama alipita humo na soksi. Nyonga ikavunjika. Yeye anasema alikanyaga ganda la ndizi. Hatukuwa na ndizi.

Jumatano, 3 Septemba

Vumbi. Limeingia kwenye unga, kwenye chumvi, masikioni. Nimehamishia jiko la gesi sebuleni, napikia karibu na makochi kama mtu aliyekimbia mafuriko.

Kaka Eliudi amepiga simu kutoka Arusha. Marumaru alizinunua yeye, zile za kukwaruza, hazitelezi hata zikiwa na maji. Namshukuru kwa hilo. Amerudia aliyosema daktari, kana kwamba mimi sikuwepo: sakafu isiteleze, na kile kidaraja cha ngazi moja kati ya jiko na sebule kiondoke, kwa sababu Mama atatembelea fremu ya chuma na hawezi kuinyanyua. Tarehe ishirini anatoka hospitalini. Eliudi anakuja na gari. Nyumba ikiwa tayari, anamleta hapa. Isipokuwa tayari, anakwenda naye Arusha moja kwa moja.

Amesema, "Sikulazimishi, dada. Nakupa nafasi." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mama na Arusha hawaivi. Alikaa kwa Eliudi mara moja, akarudi kabla wiki haijaisha. Alisema kule nyumba zina ukuta mrefu, huoni nani kapita ukamsalimia, na hata jogoo hawawiki Kiiraqw.

Ijumaa, 5 Septemba

Tumemaliza kuchonga. Tumemaliza! Umebaki ukanda mwembamba tu kati ya kabati la vyombo na ukuta, fundi ataumalizia Jumatatu. Fundi Tluway amemwaga maji katikati ya jiko na maji yamenywewa. Amefurahi mpaka amekubali chai, yeye ambaye huwa anakimbilia pikipiki arudi Kansay kabla ya giza. Jumatatu anaweka tabaka la kusawazisha, kwa sababu baba aliinamisha sakafu kuelekea mlangoni ili maji ya kudekia yatoke yenyewe. Ikishakauka vizuri, marumaru.

Ameniambia kitu kimoja tu. Isiguswe. Ifagiliwe, basi. Mafuta yasidondoke, hata ya kula.

Kesho niko zamu. Jumuiya yetu ya Mtakatifu Ana wanakuja kusali hapa nyumbani kwa ajili ya Mama. Sitakuwepo lakini ufunguo nimempa Mama Regina, mwenyekiti. Nyumba ni yao pia.

Leo nitalala.

Jumamosi, 6 Septemba

Sijui niandike vipi.

Nimefika, nimefungua mlango, nimesikia harufu. Mafuta ya taa na mshumaa. Harufu ya kila Jumamosi ya maisha yangu. Kwa kitambo kidogo nikadhani Mama amerudi.

Wamepaka nta.

Wamesali, wakaingia jikoni, wakaona sakafu ya Mama imechakaa, imejaa vishimo, haina rangi. Wakaona aibu kwa niaba yake. Mtu yuko hospitalini, sakafu yake iachwe hivi? Wakachanga mishumaa. Wamedeki, wamekausha, wamepaka, wamesugua kwa zamu huku wanaimba. Jirani wa mbele ameniambia walivyoimba. Nta imeingia kwenye kila kishimo tulichochonga. Inang'aa, lakini kwa madoadoa.

Wameniachia sufuria la makande, limefunikwa na kitambaa safi. Mama Regina ameacha salamu kwa jirani: wameniandalia sakafu, fundi wa watu asije akadharau nyumba ya Mama.

Nimekaa kizingitini. Nimecheka kwanza. Halafu nimelia. Makande nimeyala, yalikuwa matamu, na hilo nalo limeniudhi.

Jumapili, 7 Septemba

Sikwenda misa. Siwezi kukaa benchi moja na wale wanawake leo. Mungu ananiona, sawa.

Maji ya moto, sabuni ya unga, brashi ya waya. Toka asubuhi. Maji yanatoka mekundu na mafuta juu yake. Magoti yameota malengelenge. Nimeona kama imetoka. Labda imetoka. Ikikauka kesho tutajua.

Wema usizidi uwezo, wanasema. Wa hawa umezidi uwezo wangu mimi.

Jumatatu, 8 Septemba

Haikutoka.

Niliomba kuingia zamu ya mchana ili nimsubiri Fundi Tluway. Ameinama, amenusa. Amechota maji kwa kikombe, akamwaga. Maji yamekimbia. Yamejikusanya matone matone kama kwenye jani la gimbi, yakabingirika mpaka mlangoni, kule kule baba alikotaka yaende.

Nilimweleza. Akauliza, "Waliimba kabisa?"

Nilimjibu ndiyo, waliimba.

Amecheka mpaka akakaa kwenye mfuko wa saruji. Nilitaka kumpiga na nyundo. Kisha amesema ukweli: ichongwe upya, chini zaidi ya nta ilipofika. Na yeye hawezi wiki hii. Ana kazi Mbulumbulu, alishaahidi, wenye kazi walingoja wavune ngano kwanza. Anarudi Jumatatu ijayo. Nikiwa nimemaliza kuchonga, tarehe ishirini tunaweza kufika kwa shida. Nisipomaliza, basi tena.

Ameniachia tindo lake zuri.

Jumanne, 9 Septemba

Kazini. Basi. Ukungu. Mashuka. Basi. Nyundo.

Nimechonga sehemu ya kutosha kusimama mbuzi.

Jumatano, 10 Septemba

Mkono wa kulia haufungi vizuri. Leo kazini nimeangusha trei ya glasi mbele ya wageni. Msimamizi ameniita pembeni, ameniuliza kama naumwa. Nimesema nina ujenzi nyumbani. Amesema pole, huku anaangalia saa.

Eliudi amepiga nikiwa nimekaa chini kwenye vumbi. Ameuliza habari za sakafu. Nimemwambia yote. Hakucheka, ameguna tu. Halafu ameuliza taratibu, kwa sauti ya baba, "Paskalina, sema ukweli wako. Unamweza Mama?"

Kumwogesha. Kumnyanyua. Kumpeleka chooni kabla sijaenda kupanda basi, na nani mchana? Kumsikiliza akisema nimesonga ugali mlaini. Kila siku, na mimi nina huu mgongo.

Nimesema, "Mchukue."

Akasema haya.

Nimeandika hapa kwa sababu sitaki baadaye nijidanganye kwamba nilisema neno lingine. Nilisema mchukue. Na nilipokata simu niliona nafuu. Nafuu kubwa, kama kuvua viatu vya kazi.

Alhamisi, 11 Septemba

Siku yangu ya mapumziko. Nimekwenda hospitalini na uji.

Mama amekonda uso, lakini sauti iko palepale. Yale mawe ya kuvuta mguu yameshaondolewa. Anafanya mazoezi ya fremu kwenye ukumbi wa wodi, anawapita vijana wa bodaboda waliovunjika miguu na kuwauliza kwa nini wanalala mchana.

Eliudi ameshamwambia. Nimejua nilipomsalimia. Hakulaumu, na hakuomba pia. Angelia ningekuwa na la kujibu.

Ameniuliza kuhusu sakafu. Nikamsimulia habari ya jumuiya, nikitegemea atacheka. Hakucheka. Aliuliza, "Walitumia mishumaa mingapi?" Nilipomwambia sijui, akasema itakuwa michache, ndiyo maana ikatoka madoadoa. Regina siku zote mkono wake mzito kwenye mafuta ya taa.

Amekunywa uji wote. Nilipokuwa nafunga chupa akasema kwa Kiiraqw, bila kuniangalia, kwamba naweza kubomoa nitakavyo, ila pale kati ya kabati na ukuta nipaache. Nimemuuliza kwa nini. Amesema pale ndipo anapoanzia.

Sikumuuliza anaanzia nini, wala kona ya kabati ina kazi gani kwake naye akiwa Arusha. Nimembusu mkono. Njia nzima nilikuwa nimekasirika, sijui namkasirikia nani.

Ijumaa, 12 Septemba

Sasa naweza kuacha. Anakwenda Arusha, marumaru zinaweza kusubiri hata Krismasi. Nimekula, nimenawa, nimejilaza kwenye kochi.

Nimekaa dakika chache. Nimeinuka, nimechukua nyundo.

Sielewi. Ni kama mkono umezoea. Au sitaki Eliudi aingie akute jiko nusu nusu aone alikuwa sahihi. Hiyo inawezekana zaidi.

Jumamosi, 13 Septemba

Nilikuwa nimepiga magoti nachonga kona ya dirisha nilipoona kivuli mlangoni. Mama Regina. Kitenge cha jumuiya, na mkononi nyundo kubwa ya mumewe, ile ya kuvunjia mawe.

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Jumamosi iliyopita. Mengine si ya kusema mbele ya rozari.

Hakuniomba msamaha. Alivua viatu mlangoni, kwa mazoea, akaangalia vumbi, akavivaa tena. Akakaa chini kwa shida, yeye na magoti yake mabovu, akaanza kupiga. Alikuwa anapiga kwa nguvu mno, vipande vinaruka hadi dirishani. Nimemwonyesha namna ya kushika tindo. Ndiyo mazungumzo tuliyofanya kwa muda mrefu.

Jua lilipokuwa kali akasema, "Nta iliyomwangusha, mishumaa yake nilimpelekea mimi. Iliyobaki ya Pasaka." Kisha akaendelea kupiga.

Hasira yangu imeisha hapo. Sikutaka iishe, nilikuwa bado na matumizi nayo.

Nimempa chai. Amesema kesho baada ya misa atakuja na wengine wawili. Nimemwambia waje bila mishumaa.

Jumapili, 14 Septemba

Wamekuja wanne. Nyundo zimeazimwa kila mahali, moja ni ya kupondea nyama. Kelele kama karakana ya makopo. Wameimba pia, siwezi kuwazuia. Walipofika kwenye kabati nimewaambia hapo hapaguswi. Mama Regina amepaangalia, akapapangusa na upindo wa kitenge, akageukia kwingine.

Imeisha kuchongwa. Mimi pia nimeisha.

Tumemwaga maji. Yamenywewa. Tumemwaga tena kuhakikisha. Tumesimama watano tunatazama maji yakipotea sakafuni, na mmoja akasema amina.

Nimewaficha kwamba Mama haji. Wamechonga kwa ajili yake, nitaanzia wapi?

Jumanne, 16 Septemba

Fundi Tluway amerudi kweli. Jana ameweka tabaka la kusawazisha, leo limeshika. Ameweka dawa ya kukausha haraka, amesema si desturi yake lakini na jumuiya kuchonga si desturi pia. Kidaraja kimekwisha. Unatoka sebuleni kuingia jikoni kama unatembea uwanjani. Mimi mwenyewe nimejikwaa, mguu ulikuwa bado unashuka.

Ule ukanda wa kando ya kabati umebaki chini kidogo, mwembamba, unatosha kuweka ndoo. Mwekundu. Fundi hakupenda. Amesema mtu atadhani saruji ilimwishia, jina lake litaharibika hadi Endamarariek. Nikamwambia ni agizo la mwenye nyumba. Kusikia hivyo amekubali mara moja, akauliza anakuja lini.

Nimesema Jumamosi. Ni kweli. Anakuja Jumamosi, kuchukua nguo.

Alhamisi, 18 Septemba

Marumaru zimeisha kuwekwa. Rangi ya mchanga. Zinakwaruza nyayo, ukizipita peku unahisi kama unapita kwenye ulimi wa ng'ombe. Hazing'ai hata kidogo. Nimewasha taa nikatazama: sijioni popote.

Kesho fundi anajaza mistari.

Nimefua nguo za Mama, nimekunja, nimeweka kwenye begi kubwa la Eliudi la zamani. Sweta, vitenge, vazi la jumuiya. Nimefikiria lile vazi la jumuiya, huko Arusha atalivaa wapi. Nimeliweka. Nimelitoa. Nimeliweka.

Nimekwenda kulala mapema na sikupata usingizi. Nafuu ya ile Jumatano imekwenda wapi? Nimeitafuta. Haipo. Uchovu upo.

Jumamosi, 20 Septemba

Niliomba ruhusa. Gari la Eliudi limefika kabla ya chakula cha mchana, Mama amekaa mbele, amefunga kilemba cheupe kama anakwenda kubarikiwa. Majirani wametoka. Mama Regina alikuwa ameshafika, amesimama uani, anasubiri kumkaribisha. Kumbe Eliudi hakuzima gari. Mpango ulikuwa mimi nilete begi.

Mama akasema anashuka. Eliudi akamwambia, "Mama, utachoka, safari bado." Akajibu kwamba nguo zake hazijawahi kufungwa na mtu mwingine na hazitaanza leo.

Tumemshusha. Fremu imewekwa mbele yake. Amevuka ua pole pole, amepita sebuleni, amefika pale kidaraja kilipokuwa. Akasimama. Aliinua macho, akashusha, akatafuta ngazi kwa ncha ya kiatu. Hakuikuta. Akainama kuvua viatu. Sote tukaona kwamba hawezi kuinama, na hakuna aliyejua amsaidie au amwache. Nimepiga magoti nikamvua.

Akaingia peku.

Fremu haikuteleza. Yeye hakuteleza. Alikuwa anasukuma, anasimama, anasukuma. Niliona midomo yake inasogea, nikadhani anasali. Nilipokaribia nikasikia. Alikuwa anaisema sakafu. Mbaya, mbaya, haina uso. Lakini alikuwa anakwenda, peke yake, mkono wa mtu haumgusi, mpaka kwenye kiti chake kando ya kabati. Akakaa. Akatazama pembeni, kwenye ule ukanda mwekundu, akaweka unyayo wa mguu wake usioumia pale juu. Akafumba macho.

Eliudi akasema, "Mama, twende, jua linakwenda."

Mama hakuinuka. Hakunitazama mimi. Angenitazama ingekuwa rahisi. Alikuwa amekaa tu, kama mtu aliyefika.

Nikasema, "Mwache."

Eliudi akageuka. Alikuwa na haki ya kunishangaa. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ni mimi niliyesema mchukue, yeye ameshaandaa chumba, wifi yangu ameshanunua godoro. Nikamwambia najua. Akauliza mchana atakuwa na nani. Nikasema sijui. Mama Regina, aliyekuwa amesimama mlangoni na viatu mkononi, akasema, "Tutapanga zamu." Hakuuliza hata imekuwaje Mama awe anakwenda Arusha. Aliona, akaelewa, akaninyamazia. Sitalisahau hilo.

Eliudi amekaa muda mrefu kwenye gari kabla hajaondoka. Kisha akashuka, akatoa fremu ya chooni na dawa, akaniwekea mkononi. Hakukasirika. Nadhani aliona nafuu, na nadhani inamuuma. Naijua hiyo hali.

Begi nimelifungua. Nguo zimerudi chumbani kwake.

Jumapili, 21 Septemba

Kumwogesha: kazi. Kumnyanyua: kazi. Ugali umekuwa mlaini.

Jana nilisema mwache. Leo asubuhi nilipomgeuza kitandani mgongo ulilia na nikafikiria, kwa nini nilisema? Sikufunuliwa kitu. Nimechoka vilevile. Tofauti ni kwamba jana nilimwona akitembea.

Jumatano, 24 Septemba

Zamu za jumuiya zimeanza. Leo alikuwa Mama Regina. Nimerudi nimewakuta wanagombana kuhusu viazi. Mama ana rangi usoni.

Kazini wageni wamelalamika maji ya moto. Ukungu siku nzima, hakuna aliyeona kreta. Wamekuja kutoka mbali wakatazama weupe. Nimewahurumia kwa mara ya kwanza.

Jumapili, 28 Septemba

Mama ameomba mishumaa. Nimekataa. Amesema ni ya kusalia. Nimemwambia tuna umeme. Amesema Bikira Maria hajazoea umeme.

Nimekataa tena. Nimejiona mkatili, lakini sijabadili neno.

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimerudi kutoka zamu. Nimeingiza ufunguo, nimefungua. Mafuta ya taa na mshumaa.

Nilisimama kizingitini mwa jiko. Nikavua kiatu, nikagusa marumaru ya kwanza kwa kidole gumba cha mguu. Ikakwaruza. Ya pili. Ikakwaruza. Nikaenda hivyo, moja moja, jiko zima, nikijishikilia ukutani kama mzee.

Mama alikuwa amelala kitini. Mkononi mkongojo, sijui nani kamwazima, kwenye ncha yake amefunga kipande cha sweta. Chini, kopo la maziwa. Na kati ya kabati na ukuta, pale anapoanzia kusugua, ukanda mwekundu unang'aa. Safi, bila doa hata moja. Nimeinama nikauona uso wangu humo. Umechoka, una vumbi la basi.

Mishumaa najua imetoka wapi. Nitaongea na Mama Regina. Au sitaongea.

Kisha nikaona amepitiliza. Marumaru mbili za pembeni, zile zinazopakana na ukanda, zimepakwa. Mkongojo ulikwenda mbali kidogo, au alijua kabisa anafanya nini. Nilizigusa. Zinateleza.

Nikachemsha maji. Nikachukua sabuni na brashi ya waya, nikapiga magoti karibu na miguu yake, nikaziosha zote mbili, taratibu, ili brashi isimwamshe. Nikamwaga maji kidogo. Yakatulia, hayakukimbia. Nikakausha na kanga.

Ukanda sikuugusa.

Alipoamka aliuliza kama nimeona. Nikamwambia nimeona, umetoka vizuri. Akasema ni kwa sababu mishumaa ilitosha. Nimesonga ugali mgumu, tumekula. Jumamosi ijayo niko zamu ya asubuhi, nikirudi mapema nitachemsha maji, brashi iwe tayari.